Zamu ya Kulinda Tope

Usiku wa Alhamisi zamu ilikuwa yangu na Obdulia:
tochi moja, chupa ya kahawa, redio isiyoshika stesheni.
Maji yalikuwa yamekupwa hadi vigingi vya mbali,
ghuba ya Laxeira iko wazi kama meza isiyopanguswa.
Watu wa mjini, Galisia hii hii, hudhani tope ni tope.
Sisi tumelipima kwa kamba, tukaligawa, tukalitia nambari;
kitalu cha tano kimepumzishwa tangu Februari
na mbegu zake za kombe bado tunazidaiwa benki.

Tukasikia reki.
Reki ina sauti yake: krr, kisha kimya, kisha krr,
kama mtu anayekwangua ukoko akiogopa kuamsha nyumba.
Obdulia akazima tochi. Mimi nikashika simu.
Tungemwita askari wa mkoa, naye angefika baada ya saa nzima,
kama kawaida yake, na buti safi.

Alikuwa Xenxo wa Balbina.
Miaka ishirini na tisa, kiwanda cha samaki wa makopo kimemwachisha kazi,
gunia begani, maji yanamtiririka mgongoni.
Hakukimbia. "Shangazi," alisema, basi.
Nikatoa kipimo changu, kile kipete cha chuma nivaacho shingoni
mahali wengine wanapovaa msalaba.
Kombe linalopita ni dogo, linalokwama ni riziki.
La kwanza likapita.
La pili. La tatu. La kumi.
Madogo kama kucha za mtoto,
yanapita yote kama maneno ya mlevi.

Sijasema mimi ni malaika.
Nilipokuwa na miaka kumi na sita hapakuwa na leseni wala kitalu;
tuliiba wote, kijiji kizima,
nami nilikimbia askari na nusu kilo ndani ya sidiria,
ile baridi nikiikumbuka hadi leo nashika kifua.
Kisha makombe yakaisha.
Hakuna aliyetutangazia. Ndoo zilirudi nyepesi, wiki baada ya wiki,
mpaka tukagombana na ndugu zetu kwa konzi moja.
Ndipo tukaketi, wanawake sitini na watatu, katika ghala linalonuka dizeli,
tukasokota kamba ya kujifunga wenyewe:
kilo nne kwa siku, siku kumi na mbili kwa mwezi,
leseni ya mtu mmoja, isiyorithiwa,
na asiyelinda hachimbi.

Kamba hiyo ina ncha mbili.
Nje ya mlango wamo vijana kumi na saba kwenye orodha,
wanangoja mmoja wetu astaafu, au afe.
Mgongo wangu umekwisha, lakini pensheni
haitoshi gesi na dawa, basi siondoki.
Namlinda nani, dhidi ya nani, usiku huu?

Mkutano ulikuwa Jumapili.
Katibu akasoma faini, akauliza nani anaunga mkono.
Mikono ikabaki mapajani. Tukahesabu vigae vya sakafu.
Balbina akainua wake, wa kwanza, peke yake,
kidole cha kati kimepinda kwa baridi yabisi.
Kisha akasema, bila kuushusha:
"Na sasa tuzungumzie orodha."

Hatujamaliza kuizungumzia.
Wapo wasemao leseni ziongezwe; bei ya mnada inakataa.
Wapo wasemao wazee tugawane siku na vijana, nusu kwa nusu;
tumbo langu linasema hapana, mgongo unasema haraka.

Jumanne Xenxo alikuwa kitalu cha tano, analipa faini kwa kazi,
anamwaga mbegu kutoka kwenye ndoo,
taratibu, kiganja wazi, kama nilivyomwonyesha.
Miaka mitatu ndipo zitakwama kwenye kipete.
Akaniuliza zitakuwa za nani.
Nikamwambia asogee kushoto,
pale mwani umepungua,
afanye upesi, maji yanarudi.